Modeli ya jumba la Cunninghame, Glasgow: nimefika kwenye nguzo

Nyumba ya ndani imekamilika, sasa niko kwenye nguzo za mbele, sehemu niliyokuwa naisubiri tangu mwanzo.

Kwa asiyeijua kazi hii, natengeneza kwa kadibodi lile jengo la Queen Street ambalo leo ni galari ya sanaa ya kisasa, GoMA. Ukiona picha unaona nguzo tu, unadhani ni hekalu, kumbe nyuma yake kuna nyumba ya mtu. William Cunninghame aliijenga mwaka 1778, tajiri wa tumbaku huyo, na tumbaku yenyewe ilikuwa inalimwa na Waafrika waliofanywa watumwa kule Marekani, halafu vita ya uhuru ilivyoanza yeye ana shehena mkononi, bei ikapanda, akauza, hela ikawa hela kwelikweli. Ndiyo maana kuta zake nimezipaka rangi ya jani la tumbaku lililokauka, sitaki mtu aiangalie bila kuuliza pesa ilitoka wapi.

1817 ikawa benki, Royal Bank of Scotland. Ila mabadiliko makubwa yalianza 1827 na msanifu majengo David Hamilton, ambaye nyumba hakuibomoa, aliizungushia tu: mbele baraza la nguzo za Kikorintho, zile zenye vichwa vya majani, zilizopangwa safu mbili, juu kamnara, nyuma ukumbi mkubwa wa dari lililopinda, wafanyabiashara wakutane humo wapatane bei, ndo Royal Exchange hiyo. Kwa hiyo modeli yangu inavuliwa kama koti, unatoa baraza na ukumbi, nyumba ya 1778 inabaki peke yake mezani.

Nguzo natumia vijiti vya mishikaki, vile vinene, vichwa nafinyanga kwa udongo wa modeli na yale majani yake yanakula muda balaa.

1954 ukumbi uleule ukaingizwa vitabu, Stirling's Library, na 1996 galari ikafunguliwa. Mimi naona ukumbi ndio ulioliokoa jengo, maana nafasi pana namna ile inapokea kazi yoyote, vyumba vya familia visingeweza.

Bado pembetatu ya juu ya nguzo, ina vioo vya msanii Niki de Saint Phalle, hivyo nitakata CD za zamani. Na sanamu ya Wellington, yule jemadari wa Uingereza, pale mbele, ya 1844, lazima nimvalishe koni ya barabarani kichwani kama watu wanavyomvalisha kule, bila koni watu wa Glasgow watasema sio yeye.