Leo wale inzi wamepanda!

Kwa wasiojua: nafuga inzi wadogo wa matunda waliopandikizwa jeni ya binadamu inayohusishwa na ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaomfanya mtu atetemeke na kushindwa kutembea vizuri. Umri ukisonga, kupanda kunawashinda.

Kipimo chenyewe mtacheka. Unagonga kichupa mezani, wote wanaanguka chini, halafu unatazama nani anapanda. Inzi mzima hupanda tu, ndiyo silika yake.

Leo waliolishwa kurkumini, ile ya kwenye kiungo cha manjano, wamepanda. Wenzao wakabaki chini wakitapatapa.

Kuna mmoja alifika katikati, akateleza, akaanza upya. Nikajikuta nimebana pumzi kama natazama penalti.

Dawa bado, msianze kuniagiza! Mwilini mwa mtu kurkumini hufyonzwa kwa shida mno.

Haya, nyie mngenipa mmea gani niujaribu?