Ukungu Uliobaki Kwenye Neli

Jana nilipita marikiti, pale kando ya Ngome, nikakuta papa mkavu ametandazwa juu ya gunia. Harufu yake huchoma pua kabla hujamwona mwenyewe. Ni amonia ile: nyama ya papa ina yurea nyingi, na akishakufa bakteria huivunja. Nilisimama pale, na asubuhi ile ya maabara ikanirudia yote.

Ulikuwa mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne, karatasi ya vitendo. Myeyusho niliutayarisha mimi, fundi wa maabara: gramu 28.8 za fuwele za salfeti ya zinki, maji hadi lita 1. Maji yaliyokenekwa yaliniishia chupa ikiwa bado haijajaa, nami gesi ya kukenekea mengine sikuwa nayo. Nikajazia ya mfereji. Mfereji wetu ulivuta kisimani. Myeyusho ulikuwa maangavu, nikauamini.

Kazi yenyewe, kutambua ni ioni ya metali gani imo katika myeyusho, inataka subira. Unatia sentimita za ujazo 2 katika neli, unadondoshea haidroksaidi ya sodiamu tone moja moja, unatikisa kila tone. Wengi huharibia hapa. Wakimimina kwa pupa, mashapo hutokea na kuyeyuka kabla jicho halijayawahi, nao huandika "hakuna mashapo". Zinki, alumini na risasi zote hutoa mashapo meupe, na zote huyeyuka haidroksaidi inapozidi. Amonia ndiyo huzitenga: mashapo ya zinki huyeyuka amonia ikizidi, ya alumini na risasi hubaki.

Binti wa meza ya dirishani alikuwa na mkono mtulivu. Tone la pili, la tatu, weupe ukashuka mzito kama tui. Akatikisa. Akaongeza, akatikisa tena, na weupe ukaanza kuachia, kwanza kandokando, kisha katikati, mpaka mtu angesema umekwisha. Yeye hakusema. Aliinua neli akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaweka kitambaa cheusi cha sare yake nyuma yake. Ukungu ulikuwamo, mwembamba kama pumzi juu ya kioo. Akaongeza matone matano. Haukuondoka. Akachukua neli nyingine, akafanya kwa amonia: mashapo yakaja, yakayeyuka, yakatakata kabisa.

Akanitazama. "Mwalimu, ukungu huu nauandika?"

Mtihani ni mtihani. Nilimwambia, "Endelea na kazi yako, mwanangu," nikaenda zangu stoo. Huko nilitia maji ya mfereji kwenye neli tupu, nikadondoshea haidroksaidi ya sodiamu. Yakafanya wingu papo hapo.

Ilikuwa kalisi, madini yaliyomo katika chokaa. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, na kila birika la nyumbani lina ukoko mweupe wa kulithibitisha hilo. Haidroksaidi ya sodiamu ni kali, huiteremsha kalisi iwe mashapo, wala kuizidisha hakuiyeyushi. Amonia ni dhaifu, haiiteremshi, ndiyo maana neli ya pili ilitakata. Kabla ya kuwapa wanafunzi myeyusho wowote, ilinipasa kuyapima maji peke yake kwanza. Ni kazi ya dakika 1.

Nilimweleza mwalimu wa kemia kila kitu kabla hajasahihisha. Tukakaa na karatasi zile hadi magharibi. Wengi walikuwa wameandika "mashapo meupe, huyeyuka yote", kama kitabu kisemavyo, na neli zao zilikuwa na ukungu uleule. Yule binti aliandika: "huyeyuka, lakini ukungu mwembamba hubaki, katika amonia huyeyuka wote." Kwenye ioni aliandika zinki, kisha kalisi na alama ya kuuliza pembeni.

Tukampa alama zote. Wale wengine tukawapa pia, maana kosa lilikuwa langu. Lakini wapo walioona ukungu wakaufuta kwa kalamu, kwa kuwa haukuwa katika jibu walilolijua, na mmoja wao nilimwona kwa macho yangu akifuta. Sikumwambia kitu siku ile. Hata leo sijajua ningemwambia nini.

Muhula uliofuata nilianza kukinga mvua moja kwa moja kutoka kwenye mabati, katika ndoo safi. Ya jabia niliiacha, maana kuta zake zimepakwa chokaa.