Ukuta wa Kusini

Tulihamia nyumba yetu ya Nianjema, hapa Bagamoyo, mwezi Julai 2016, siku chache baada ya Idi. Tulikuwa tumeijenga miaka tisa, mshahara kwa mshahara, na usiku wa kwanza tuligundua jambo ambalo hakuna fundi aliyetuambia: sebule ilikuwa inaitikia. Ukikohoa, nayo inakohoa. Mwanangu wa mwisho akawa anasimama katikati na kuita jina lake mwenyewe ili alisikie likirudi. Mama yangu, ambaye tulimchukua kutoka Dunda aje kukaa nasi, alisema nyumba isiyo na kitu ukutani ni kama mtu aliyeoga akasahau kuvaa.

Mimi nilizipenda zile kuta nyeupe kiasi cha kuogopa kuzitoboa. Lakini Mama alikuwa amesema, na Mama akisema neno halilali.

Kosa la kwanza nililifanya Kariakoo. Nilinunua picha ya kuchapwa, vipande vitatu vinavyopangwa pamoja, daraja la Ulaya usiku na taa zake zikimeremeta majini. Dukani ilipendeza mno. Ilipofika Bagamoyo ikakutana na upepo wetu wa bahari, halafu na mvua za vuli, na kufikia Novemba madoa ya ukungu yalikuwa yamepanda kutoka pembe ya chini hadi kwenye nguzo za daraja. Misumari niliyoitundikia ilikula kutu ikachuruza michirizi ya kahawia kwenye rangi ambayo hata mwaka haikuwa nayo. Niliishusha usiku, watoto wamelala.

Baba watoto alitaka kinyago cha Kimakonde, vile vya ujamaa, watu wamebebana kutoka chini hadi juu kwenye gogo moja la mpingo. Tulikwenda kuviona. Muuzaji mmoja mkweli alitufundisha kutambua mpingo na mti mwingine uliopakwa kiwi ya viatu: futa kwa kitambaa chenye maji uone kama kitatoka cheusi, kisha upime uzito mkononi, maana mpingo ukiutia majini huzama kama jiwe. Mama akasema kinyago hakikai pale anaposwalia. Hilo likaishia hapo.

Kwa hiyo nieleze ile sebule ilivyo. Huku kwetu Makka iko karibu kaskazini kamili, na ukuta wa kaskazini ulikuwa na mwenyewe tayari: Mama anauelekea mara tano kwa siku. Haukuwekwa kitu, wala hautawekwa. Una kidirisha kimoja tu juu, karibu na dari. Mashariki na magharibi ni madirisha makubwa na mlango. Uliobaki ni ukuta wa kusini, mita nne na nusu za weupe mtupu.

Shule zilipofungwa Desemba nikaanza kwenda Mji Mkongwe wa hapa kwetu kila asubuhi. Bagamoyo haina uhaba wa wasanii. Chuo cha Sanaa kilianza hapa 1981, ndicho TaSUBa ya leo, na wengi waliokuja kusoma hawakurudi makwao. Nilipita vibarazani mmoja baada ya mwingine hadi nikamfikia mchoraji mmoja, mtu wa makamo, anayechora picha za mtindo wa tingatinga kwenye baraza si mbali na Boma la Wajerumani. Sikumsemesha kwanza. Alikuwa amejiinamia, kijiti mkononi, anachovya ncha kwenye rangi nyeupe na kugusa ubawa wa kanga, ndege yule, si nguo. Anachovya, anagusa. Kila doa linatua mahali pake, duara kamili, wala halimgusi mwenzake. Nadhani nilisimama pale nusu saa.

Aliponiona nimekaa sana akanivutia kigoda. Rangi yake ni hii hii ya mafuta ya kopo, tunayopakia milango na madirisha. Akanieleza ni urithi. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hakuwa na vifaa vya wachoraji wa shule. Alichukua vipande vya hadibodi, mraba wa futi mbili kwa mbili hivi, na rangi za baiskeli, akachora wanyama na ndege. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Miaka minne tu ya kuchora! Nimefundisha watoto zaidi ya miaka ishirini, na sijui kama nitaacha hata robo ya alichoacha yule bwana kwa miaka minne. Siku hizi, akasema, wengi wanachorea kitambaa cha pamba, maana mgeni anakikunja akatia begini, lakini rangi imebaki ile ile, na ndiyo inayostahimili hewa ya bahari kuliko karatasi ya kuchapwa.

Nikampenda chui. Chui mkubwa juu ya mbuyu, mandhari ya rangi ya chungwa, macho ya kijani. Mchoraji akaniazima kwa siku mbili bila hata kushika rehani. “Kaitazame kwako,” alisema. “Picha ya barazani na picha ya nyumbani ni picha mbili.”

Nilikuwa nimekata gazeti kwa ukubwa ule ule nikalibandika ukutani kwa gundi ya karatasi, nikawa nalipandisha na kulishusha hadi nikaridhika: katikati yake iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Nikamtundika chui pale, nikarudi nyuma hadi mlangoni. Alikuwa mzuri. Nikaenda kukanda unga wa chapati roho yangu imetulia.

“Mwanangu,” Mama akaita. “Njoo ukae hapa.”

“Mama, nina unga mikononi.”

“Unga haukuzuii kukaa.”

Nikaenda. Alikuwa mahali pake pa siku zote, juu ya mkeka, mgongo ameuegemeza ukuta wa kaskazini, miguu ameinyoosha. Nikakaa kando yake, nikainua macho. Sikumwona chui. Rangi ya mafuta inang'aa, na mwanga wa kile kidirisha cha juu, kilichokuwa nyuma yetu, ulikuwa umepiga katikati ya picha na kuturudia usoni. Mwili wote ulikuwa mng'ao mweupe. Kilichobaki ni macho mawili ya kijani pembeni, yanatutazama.

“Ndivyo ninavyokula nikitazamwa,” alisema Mama. “Wewe umechagua kama mgeni, umesimama mlangoni. Humu ndani nani anasimama?”

Nikaitazama nyumba yangu kwa mara ya kwanza kutoka pale chini. Watoto wanaandikia mkekani. Mimi huchambua mchele mkekani. Baba watoto akirudi kazini hukaa kwenye kochi dakika kumi, kisha anateremka. Na Mama, ambaye hatoki sana siku hizi, anautazama ule ukuta kutwa kucha, na mimi nilikwenda kuuchagulia picha bila kumuuliza.

Chui nikamrudisha. Kwenye pembe ya baraza ya mchoraji kulikuwa na kazi ambayo hajaimaliza: wanawake watano wanaingia baharini maji yakiwa yamekupwa, wametupa mgongo, kanga zimefungwa kifuani, wana ndoo na vyandarua. Hakuna sura hata moja. Bahari yake haikuwa ya buluu. Ilikuwa ile rangi ya majivu na maziwa inayokuja asubuhi mapema. Moyo wangu ukaruka. Tukapatana shilingi 80,000. Aliimaliza Jumatano, akanionya kwamba rangi ya mafuta ikipata unyevu huu wa Desemba inataka siku tano kukauka sawasawa, nisiikunje kabla.

Lakini wifi zangu walikuwa wanakuja Ijumaa. Alhamisi nikaigusa kwa kidole, kidole kikatoka kikavu, nikaichukua. Nikaikunja, nikapanda bajaji na jua la saa saba. Nilipoifungua sebuleni ilitoa sauti kama plasta inayobanduliwa kwenye kidonda. Bahari ilikuwa imeshikana na anga. Wanawake wawili walikuwa wamehamia nusu kwenye mgongo wa kitambaa, na mahali pa vyandarua vyao palibaki pamba tupu. Nililia. Sikulilia fedha, nililia kwa sababu yule mtu alinionya.

Mama akaomba aione. Niliitandaza mbele yake mkekani. Aliinamia muda mrefu, akapitisha kidole juu ya kila mwanamke bila kumgusa.

“Hawa wamenipa mgongo,” alisema. “Hawa nitakaa nao.” Hiyo ilikuwa hukumu yake mwenyewe, na sikutaka kumuuliza mtu mwingine. Kisha: “Lakini wanafanya nini?”

“Wanatanda uduvi, Mama.”

“Hawatandi. Kila mmoja ana chandarua chake kama anaanika nguo. Hata isingebanduka, hawa wasingepata kitoweo.”

Ndipo nikajua kwamba mama yangu alitanda uduvi tangu akiwa mdogo, yeye na bibi, kila bamvua, maji yanapokimbia mbali na ufuko ukabaki mweupe hadi unashindwa kuona mwisho. Miaka yote hiyo nimekula uduvi wa nazi nyumbani kwetu na sikuwahi kuuliza ulitoka mikononi mwa nani. Nilijua tu kwamba aliuza maandazi. Maandazi yalikuja baadaye, alisema, magoti yalipokataa maji.

Jumatatu tulikwenda naye. Bajaji ilitushusha mlangoni pa baraza, mchoraji akainuka.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Picha yako nzuri. Nimekuja kukuonyesha kazi.”

Akavua kanga yake ya mabegani, akaikunjua, akampa pembe mbili. Mchoraji akarudisha mikono nyuma, ina rangi. “Shika,” Mama akamwambia, “kanga inafuliwa.” Wakasimama wakitazamana, kanga katikati yao. Mama akamwonyesha: mkono mmoja juu, mkono mwingine chini, upindo wa chini unaukanyaga kwa kidole gumba cha mguu ili uduvi wasipite, na mnatembea pamoja, taratibu, mguu kwa mguu, mwenzako akikuacha hatua moja chandarua kinafumba na mmepoteza asubuhi. Wakalivuka baraza lote hivyo, mwanamke wa miaka sabini na ushei na mtu mzima mwenye rangi hadi kwenye viwiko. Walipofika ukutani Mama akasema, “Sasa!” wakainua kwa pamoja, kanga ikafanya tumbo katikati.

“Hapo,” alisema, anahema. “Hapo ndipo unapoona kama utakula.”

Mchoraji hakusema kitu. Alikwenda kwenye kitambaa kilichoharibika, akakwangua pale palipobanduka, akaanza upya mbele yetu kwa penseli. Wawili wawili safari hii. Jozi mbili ndani ya maji, chandarua kimelegea kati yao, na wa tano nyuma, ufukoni, ndoo kichwani. Fedha ya kazi ya pili alikataa kuipokea.

Nilisubiri siku kumi na mbili, si tano. Seremala akatengeneza fremu ya mninga, na nyuma, kwenye kila pembe, akapigilia kipande cha kandambili kuukuu ili picha isishikane na ukuta, hewa ipite, ukungu usipate pa kukaa. Misumari sikutaka tena. Tulitoboa kwa drili, tukatia plagi na skrubu isiyoshika kutu. Makochi tukayasogeza upande wa magharibi. Kisha Mama akakaa mahali pake, baba watoto akaishika picha ukutani, na mimi na penseli nikasubiri amri. Shusha. Shusha tena. Hapo inang'aa, shusha. Alipokubali, nilipima: katikati ya picha ilikuwa sentimita 105 kutoka sakafuni.

Wifi zangu walipokuja tena walisema imetundikwa chini mno. Baba watoto akawakaribisha mkekani.

Sebule haiitikii tena kama zamani, ingawa nadhani ni kwa sababu ya mapazia. Jioni, nikiwa jikoni, namsikia Mama anaongea pale peke yake, na nimeshazoea, siendi tena kuuliza. Ni yule wa tano, mwenye ndoo. Anamwambia afunge kanga vizuri, maji yako njiani.