Sarara Ikilala

Mama yangu amebakiwa na meno tisa na bado hajaacha nyama. Ukimpelekea supu anaisogeza. "Mchuzi wa kunywa ni wa wagonjwa," anasema, "mimi nataka kutafuna." Sasa ng'ombe wetu wa huku mnawajua: wa nundu, mwembamba, anatembea kutwa akitafuta majani na maji. Mguu wa namna hiyo hauwezi kuwa laini. Nyumbani tulikuwa tunaichemsha nyama saa mbili, mkaa unateketea, na bado Mama anaitoa mdomoni kimyakimya na kuiweka pembeni ya sahani akidhani hatumwoni.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha, matoroli ya maji. Karakana yangu iko Isevya, hapa Tabora mjini. Upishi sikuusomea. Ila miaka kadhaa nyuma nikiwa Dar niliitwa hoteli moja kuunga fremu ya jiko iliyokatika, nikashinda jikoni siku mbili namtazama mpishi wao. Anaweka kipande kinene cha nyama kwenye chuma cha moto, dakika chache anakiopoa, anakiacha kando. Kisha anamimina maji kwenye chuma kilekile kichafu, anakwangua, unatoka mchuzi. Nikamwuliza nyama laini hivi anaitoa wapi. Akajibu, "Hii ina siku kumi tangu ichinjwe, fundi."

Siku kumi! Kwetu ukisema nyama imelala hata usiku mmoja, mteja anahamia bucha ya pili. Sifa ya bucha ni kwamba ng'ombe alfajiri alikuwa hai na muhuri wa bwana mifugo haujakauka. Nami niliamini hivyo mpaka nilipoanza kupoteza fedha kwa majaribio. Mnyama akishachinjwa misuli yake inakakamaa. Ukiitunza kwenye baridi, vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe vinaanza kulegeza nyuzi taratibu, siku baada ya siku. Kwa nyama ya kuchemsha haidhuru, sufuria itamaliza kazi. Kwa nyama inayokaa motoni dakika nane tu, ukinunua ya asubuhi ukaipika mchana, unatafuna kandambili.

Kwenye bucha nako kuna mtego wa maneno. Kwetu steki maana yake ni nyama isiyo na mfupa, basi, iwe ya paja au ya bega. Ukiulizwa "steki au mchanganyiko?" ukajibu steki, panga linashuka kwenye gogo na unaondoka na vipande vya mishikaki. Unachotaka ni sarara, ule msuli mrefu wa ndani, chini ya uti wa mgongo sehemu ya kiunoni, ambao ng'ombe hautumii sana akitembea. Kwa ng'ombe wetu ni mdogo, kwa hiyo unauweka oda mapema. Mwenye bucha wangu alinitazama sana siku ya kwanza.

"Fundi, una wageni?"

"Sina. Ni ya Mama. Usiipitishie panga, nipe nzima."

"Nzima utaipika vipi?"

"Siipiki leo."

Hapo akanyamaza, akaifunga.

Alhamisi jioni naikata kwa kisu kikali kukingama nyuzi, vipande vya unene wa vidole viwili. Naipaka chumvi pande zote, naipanga juu ya wavu wa waya niliokunja mwenyewe, sahani chini yake, inaingia rafu ya chini ya friji bila kufunikwa mpaka Jumapili. Chumvi kwanza inatoa maji, baadaye maji yale yanarudi ndani na chumvi yake. Siku tatu zinanitosha. Friji yangu inafunguliwa na watoto kila dakika, haiwezi kushindana na chumba cha baridi cha hoteli. Na umeme ukikatika kutwa nzima usijifanye shujaa. Mara moja ulikatika Ijumaa asubuhi ukarudi usiku, nikaikatakata sarara yote nikaichemsha na nyanya. Iliniuma.

Mama alipofungua friji na kuiona imekauka na kuwa nyeusi kidogo kwa juu, alimwita mke wangu kwanza, wakaitazama wote wawili. Kisha akaja kwangu. "Mwanangu, unataka kunilisha mzoga?"

Nilimwambia asubiri Jumapili.

Kikaango ndiyo sehemu yangu, mnivumilie. Vikaangio vyepesi vya dukani vinapata moto haraka na kuupoteza haraka. Ukiweka nyama ya baridi juu yake vinapoa, nyama inatoa maji, inaanza kuchemka. Nilichukua pleti ya chuma ya unene wa milimita 8, nikaikata duara la sentimita 26, nikazungushia ukingo wa bapa na mkono wa nondo. Kinazidi kilo 3. Mke wangu anakiita mfuniko wa chemba. Msitumie chuma chenye zinki, kama mabati au mabomba meupe, maana zinki ikiungua moshi wake ni sumu. Mafundi wenzangu wanajua homa yake. Nilikisugua kikang'aa, nikakipaka mafuta ya alizeti kiasi cha kuonekana kama nimeyafuta, nikakichoma mpaka kikaacha kutoa moshi, nikarudia mara nne. Sasa ni cheusi na hakigandi.

Jumapili jiko la mkaa linakaa uani, maana moshi wake ndani hauvumiliki. Nyama inafutwa kwa kitambaa safi mpaka ikauke kabisa, na hapa sina mzaha. Tabora iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nyama ikiwa imelowa, uso wake unabaki kwenye joto hilohilo mpaka maji yaishe, wakati ile rangi ya kahawia na harufu inayowaita majirani vinataka nyuzi kama 140 na zaidi. Aliyeielezea kwanza ile rangi ni Mfaransa, Louis-Camille Maillard, mwaka 1912, mwaka uleule reli ilipofika Tabora. Kuna Mjerumani pia, Justus von Liebig, mwaka 1847 alidai moto mkali unaifunga nyama maji yake yasitoke. Hilo halikuwa kweli, na anayepinga aisikilize nyama ikiwa juu ya chuma: ule mlio wa chaa-chaa ni maji yanayotoka. Tunaiunguza kwa ajili ya utamu.

Nadondosha tone la maji kwenye kikaango. Likitawanyika na kukauka, bado. Likikimbia kama gololi, tayari. Mafuta kidogo, nyama inaingia, nageuza kila dakika, na kufikia dakika ya nane hivi natoa. Ya Mama nakata nyembamba na kuiivisha mpaka katikati, maana akiona wekundu hagusi. Nimemweleza kwamba yale maji mekundu si damu, damu ilitoka machinjioni, ile ni rangi ya misuli yenyewe. Amesikia, hakukubali, na sibishani naye sana kwa sababu mbichi kabisa hata mimi siili. Tegu wa ng'ombe hawana urafiki. Yangu naiacha na upinki kidogo. Zote zinapumzika chini ya sahani dakika tano au sita.

Kikaango kimebaki na ukoko mweusi-kahawia. Usioshe! Mwaga mafuta yaliyozidi, weka kitunguu kilichokatwa vidogo, punje mbili za kitunguu saumu, halafu nusu kikombe cha maji ya moto, ukwangue kwa mwiko wa mbao mpaka chuma kiwe safi. Mchuzi ukipungua nusu, ipua, mimina kwenye bakuli, ndiyo uweke ndimu, kijiko cha samli, pilipili manga na nusu kijiko cha asali yetu ya miombo. Ndimu nje ya kikaango, tafadhali, tindikali inakula ule weusi niliouhangaikia. Maji yaliyotoka kwenye nyama ikipumzika nayo yanaingia humo. Mvua zikianza na uyoga ukionekana barabarani, naukaanga kabla ya kitunguu.

Mboga ni matembele. Maji mengi yenye chumvi, yachemke kwelikweli, majani yaingie dakika mbili bila mfuniko, yachujwe, yapitie kikaangoni mara moja. Mke wangu anataka kutia magadi. Ni kweli magadi yanashika ukijani, ila yanalegeza majani na kuua vitamini, na siku hiyo jiko ni langu.

Jumapili ile ya kwanza Mama alikaa na sahani yake mkekani, akakata kipande kidogo, akakitazama kwa nyuma, akakitia mdomoni. Sisi wote tunajifanya tunakula. Akatafuna. Akameza. Akachovya kingine kwenye mchuzi. Mwishoni akauliza ugali uko wapi, mtu mzima hawezi kula nyama na majani matupu kama mbuzi, tukampa ugali, akamalizia mchuzi wote ukiwemo wangu. Pembeni ya sahani hapakuwa na kitu.

Hajaisifia mpaka leo. Lakini Alhamisi iliyopita nilikuwa nawasha pikipiki nielekee karakana, akatoka mlangoni na kanga yake begani.

"Wewe, bucha umepita?"

"Nitapita jioni, Mama."

"Jioni! Jumapili ni mtondo. Hiyo nyama italala saa ngapi?"