Shangazi akikupa wiki yake ya Malindi: mwombe kwanza mkoba wa karatasi

Taimushea si nyumba. Ni haki ya kulala katika chumba fulani, au chumba cha aina fulani, wiki moja kwa mwaka, na haki hiyo huandamana na ada ya matunzo inayodaiwa kila mwaka, ulale usilale. Kwa hiyo shangazi anapokwambia, "Mwanangu, ichukue ile wiki yangu ya ufuoni, mimi magoti hayanibebi tena," anakupa vitu viwili kwa mkono mmoja. Pesa aliyonunulia usiitie kwenye hesabu yako, hiyo ishakwenda. Mjibu kwa adabu: "Ahsante shangazi, nipe na karatasi zake nisome."

Ndani ya karatasi hizo tafuta kwanza tarehe ya mwisho. Mikataba mingine ni ya kukodi haki ya matumizi kwa miaka maalum; ikibaki miaka sita, mzigo wako una kikomo na hata ukikosea utapona. Mingine imeandikwa kwamba inamfunga mwanachama "na warithi wake" bila kutaja mwisho, na hiyo ndiyo ya kuogopa. Ya tatu ni ya pointi: huna chumba wala wiki, una alama za kubadilisha na usiku, na klabu inayoendesha taimushea ndiyo inayopanga usiku mmoja ni alama ngapi.

Angalia pia ardhi iliyo chini ya hoteli. Kifungu cha 65 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, isiyozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa raia ikiwa tu hisa zake zote ni za raia. Malindi yenye wawekezaji wengi wa Kiitaliano, hili si jambo la vitabuni. Wiki yako haiwezi kuishi zaidi ya ukodishaji wa kiwanja. Fanya upekuzi kwenye ofisi ya usajili wa ardhi uone miaka iliyobaki.

Sasa namba ya wiki. Mwaka una wiki 52, na hoteli nyingi hujiwekea moja au mbili za ukarabati. Mwenye wiki ya 51 au 52 ana mali, kwa sababu kaskazi imeshaingia, bahari imetulia na watoto hawako shule. Mwenye wiki ya 20 amekalia masika: mvua hunyesha, Mto Sabaki huteremsha tope, na kusi huleta mwani mpaka mlangoni. Wiki isiyobadilika ina mtego mwingine. Pasaka huhama kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, basi "wiki ya Pasaka" uliyoahidiwa huenda ikaipata Pasaka mwaka mmoja na kuikosa mitatu. Ramadhani nayo hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Wiki ya 9 ya mwaka 2026 imo ndani ya mfungo, na sijui nani katika familia ya Kiislamu atataka kuilipia meza ya kifungua kinywa.

Kuhusu ada, usiulize ya mwaka huu peke yake. Omba kwa maandishi ada za miaka mitano iliyopita, taarifa ya deni, kumbukumbu za mkutano mkuu wa mwisho na kiasi kilichomo katika akiba ya ukarabati. Tuseme ada ni shilingi 65,000 na imekuwa ikipanda asilimia 8 kwa mwaka. Malipo ya kumi yatakuwa karibu 130,000, na kwa miaka kumi utakuwa umetoa takriban 942,000. Linganisha na kukodi chumba kama hicho hicho, wiki hiyo hiyo, kwa bei ya leo, na si ile bei ya ubaoni mapokezi ambayo hakuna anayeilipa. Bili ikiwa ya dola, ongeza hatari ya sarafu: Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, kisha ikashuka hadi 129 hivi. Ada ya dola 500 ilikuwa 80,000 mara ya kwanza na 64,500 mara ya pili, na hoteli haikubadilisha kitu.

Kinachowaumiza watu zaidi, hata hivyo, ni mchango maalum, yaani pesa wanayodaiwa wanachama juu ya ada kwa ukarabati mkubwa. Tazama paa la makuti. Likiwekwa na mteremko mdogo maji hayateremki haraka, makuti huoza kuanzia ndani. Yakipangwa kwa nafasi pana ili kuokoa idadi, jua huonekana ukilala chali. Kunguru nao huchomoa wanachohitaji kwa viota. Boriti za mikoko hudumu, makuti huwa ni ya kubadilisha kila baada ya miaka michache, tena yote kwa pamoja. Hoteli yenye vyumba 40 na wiki 50 ina wanachama 2,000. Paa la milioni 6 ni shilingi 3,000 kwa kila mmoja, hakuna wa kulalamika. Lakini wanachama 500 wakiwa wameacha kulipa, waliobaki 1,500 wanatoa 4,000, na mwaka unaofuata wengine wanaacha tena. Ndiyo maana swali la kumuuliza meneja ni "wangapi wamelipa mwaka huu?" Akizungukazunguka, umejibiwa. Siku ukienda kutazama, pita nyuma ya vyumba: mashine za baridi zilizoliwa na chumvi na maji ya bomba yenye ladha ya kisima zitakueleza hali ya akiba kuliko mkutano mkuu.

Ikiwa mwenye wiki amefariki, usikimbilie kuilalia wala kulipa ada kwa jina lako kabla mirathi haijafunguliwa, maana huweza kuchukuliwa kuwa umekubali. Deni la marehemu hulipwa na mali yake, si na mfuko wa mrithi. Kwa wanaokwenda kwa Kadhi, utaratibu unajulikana: mazishi, madeni, wasia usiozidi theluthi, ndipo mgao, na katika madhehebu ya Shafii, ya wengi wetu huku pwani, mkataba wa kukodi hauvunjiki kwa kifo, hivyo manfaa yaliyobaki yanarithiwa. Ila jaribu kuigawa. Wiki ni saa 168. Mjane akiwa na thumuni anapata saa 21. Zilizobaki 147, kukiwa na mwana mmoja wa kiume na mmoja wa kike, ni 98 na 49. Hakuna mapokezi yatakayokubali hilo. Warithi hupokezana miaka, au mmoja huichukua na kuwafidia wenzake, na makubaliano huandikwa. Kwa wanaofuata Sheria ya Mirathi, sura ya 160, hesabu miezi sita toka hati ya usimamizi itolewe mpaka ithibitishwe, na wakati huo ada inaendelea kudaiwa.

Jamaa aliyeacha wiki Marekani ni shauri lingine. Huko mrithi anayekataa kwa kufuata kanuni ya kodi ya serikali kuu hufanya hivyo kwa maandishi ndani ya miezi tisa, na asiwe ameonja manufaa yake. Tafuta wakili wa jimbo husika.

Hoja ya "utabadilishana uende Dubai" ipime pia. RCI, kampuni ya kubadilishana wiki za taimushea iliyoanza 1974, inataka uanachama wa mwaka, ada ya kila badilisho, na wiki yenye mvuto. Wiki ya 20 haiendi mbali.

Na akipiga simu mtu kwamba ana mnunuzi tayari, ila utangulize "kodi" au "usajili", kata. Umoja wa Ulaya kwa agizo lake la 2008 ulikataza wakala kuchukua malipo kabla wiki haijauzwa, na kuna sababu.

Ukiikubali, pata barua ya kutodaiwa kabla ya kutia sahihi ya uhamisho, na ujue ada ya uhamisho yenyewe. Ukiikataa, mwombe shangazi aandike hotelini kuirudisha akiwa hai na ada ikiwa imelipwa, kwa sababu wiki yenye deni hawaipokei. Barua yao ya kukubali iwe na namba ya mkataba, tarehe ya mwisho wa wajibu na muhuri. Risiti ya mwisho ibanwe nyuma yake.