Mdomo na sikio

Siku ya nne leo na bado naisikia sauti yangu: "Usiguse, utaniharibia!"

Ilikuwa Jumamosi usiku. Mpwa wangu amenishikia tochi, mimi nachomeka nyaya kwenye ile bodi ya RISC-V, kompyuta ndogo yenye prosesa ya aina hiyo. Nilikuwa nimemweleza vizuri tu kwamba bodi ikianza kuwaka haina cha kuonyesha kwenye skrini, inazungumza kwa nyaya: TX, pini ya kutuma, ni mdomo, RX, ya kupokea, ni sikio. Nikawasha. Kimya. Nikaiandika upya kadi ya kumbukumbu yenye mfumo, mara tatu. Nikaulaumu mfumo wenyewe, Debian 13 ya Linux, toleo la kwanza kuzipokea rasmi prosesa za RISC-V (riscv64), Agosti 2025, toleo nililolisubiri kwa hamu.

"Mjomba, mbona umeunganisha mdomo na mdomo?"

Ndipo nikamjibu vile. Akaniwekea tochi mezani, taratibu, akaenda kulala.

Saa saba usiku nikazibadilisha nyaya za pini ya 8 na ya 10. OpenSBI, programu ya kuiandaa bodi, ikajitambulisha, ikafuata U-Boot inayopakia mfumo, kisha kerneli, kiini cha mfumo, ikamwaga mistari yake. Nilichokuwa nikikitafuta wiki nzima kikaja, na wa kumwonyesha hayupo.

Tangu hapo dada amepata barua ya uhamisho, mkataba wangu wa kazi umeisha, na mimi nawaza mbona-umeunganisha-mdomo-na-mdomo. Hakunidharau. Alikuwa amenisikiliza, basi.

Leo asubuhi nimemwita, nikamwomba radhi, nikampa kibodi afungue akaunti yake mwenyewe. Akataka kuhamisha mchezo kutoka kwenye laptopu yangu. Nikamwambia prosesa ile ni ya x86, aina ya Intel na AMD, ina maagizo yake. Hii haiyaelewi, mchezo lazima uundwe upya kutoka kwenye msimbo wake. Na maagizo ya RISC-V ni ya nani, akauliza. Yalianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, nikasema, na leo yeyote anaweza kubuni prosesa kwa kuyafuata bila kulipia ruhusa.

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Akanyamaza kidogo, akaandika jina lake tena, polepole, herufi moja moja. Nilifurahi mno. Nyaya sijazichomoa mpaka sasa, zimekaa alivyosema zikae.

Mama hajapokea simu tangu jana. Ngoja nimpigie tena.