Binti wa muuza samaki wa Yokohama

Gari zinazoshuka bandari ya Kilindini, Mombasa, kutoka Japani huja na vitu vya wenyewe: risiti, hirizi ndogo ya kitambaa kwenye kioo, mara nyingine diski ndani ya redio. Stesheni zetu nyingi hazishiki, maana masafa ya FM ya kwao yanaanzia 76 na kuishia 90 na ushei, na sisi raha zetu ziko juu ya hapo. Ndiyo sababu yadi tunayofanyia kazi hapa Changamwe ilishinda na Misora Hibari, mwimbaji wa Kijapani. Probox moja ilikuja na diski yake, na hakukuwa na kingine cha kusikiliza.

Kabla hamjaniuliza Mswahili na nyimbo za Kijapani wapi na wapi: ile tashkota, ala ya nyuzi inayolia kwenye taarabu ya Zuhura Swaleh asili yake ni Nagoya, ilibuniwa mwaka 1912. Wageni hawa tunao siku nyingi.

Hibari ni jina la jukwaani. Nyumbani aliitwa Kazue Kato, aliyezaliwa Yokohama tarehe 29 Mei 1937, na wazazi wake walikuwa na duka la samaki. Hapo aliniteka. Mimi nami nimekulia miguuni pa meza ya samaki, na najua mtoto wa pale hujifunza kupaza sauti kabla hajajua kuhesabu chenji. Mwaka 1943 babake aliitwa vitani. Siku ya kumuaga, mtoto akaimba, watu wakalia. Mamake, Kimie, akawatazama wale waliokuwa wakilia, na tangu siku hiyo akawa na kazi mpya.

Vita vilipokwisha alimpeleka kwenye shindano la redio ya NHK, shirika la utangazaji la Japani. Waamuzi hawakumpigia kengele ya kufaulu: mtoto kuimba nyimbo za watu wazima, walisema, haipendezi. Hata huku kwetu angeambiwa ana mambo ya kikubwa. Mwaka 1949, akiwa na miaka 12, alitokea kwenye filamu amevaa kofia ndefu nyeusi na koti la mkia kama bwana wa Kizungu, akiimba "Kanashiki Kuchibue", na Japani iliyokuwa bado imejaa vifusi ikampenda.

Mama huyo alisimamia kila kitu mpaka alipokufa mwaka 1981. Simpendi sana, niseme kweli. Lakini mwaka 1973, mdogo wake wa kiume alipohusishwa na magenge ya wahalifu, kumbi zikamfungia Hibari milango na NHK ikamwacha nje ya tamasha lake la mkesha wa mwaka mpya. Njia rahisi ilikuwa kumkana kijana. Mama na binti wakakataa. Hilo namvulia kofia.

Kuna na ya 1957, pale Asakusa, msichana wa rika lake, shabiki, alipommwagia Hibari tindikali usoni. Alipona, akarudi kazini. Ndoa na mwigizaji Akira Kobayashi haikufika mbali.

Baada ya mama wakaondoka na ndugu zake wawili wa kiume, mmoja 1983, mwingine 1986. Mwaka uliofuata akalazwa Fukuoka, ini limechoka na mifupa ya nyonga inakufa. Anayemjua mtu mwenye nyonga mbovu anajua hata kuinuka kitini ni safari. Huyu mama, tarehe 11 Aprili 1988, alipanda jukwaa la Tokyo Dome mbele ya watu wapatao 50,000, gari la wagonjwa likimngoja nje, akaimba nyimbo karibu 40. Mwisho kulikuwa na njia ya mita 100 hivi katikati ya watu. Tafuta video utazame miguu yake. Anaiweka mmoja, anasita, anaweka wa pili, na mkono wa juu unapungia watu kama hakuna kitu.

Alikufa tarehe 24 Juni 1989, ana miaka 52. Serikali ikampa Tuzo ya Heshima ya Taifa, mwanamke wa kwanza kuipata, naye ameshakufa.

Wengi watakuanzisha na ule wimbo wake wa mwisho wa mto. Mzuri, lakini umepigwa mno. Anza na "Ringo Oiwake" ya 1952, alipokuwa hata miaka 15 ndiyo kwanza anaifikia. Katikati anaacha kuimba, anazungumza tu, halafu sauti inapanda tena. Uusikilize mchana, na spika nzuri, si za simu.